Kabla ya kupanda, tazameni sakafu

Tangu Jumamosi simu yangu imejaa picha za safari yetu ya Put-in-Bay, kisiwani Ohio, na karibu zote zimepigwa juu ya mnara. Nyuma ni Ziwa Erie, mbele ni sisi na miwani ya jua, na maelezo ni yale yale: "mnara wa Perry". Mmoja ameandika "mnara wa ushindi". Siku tatu nimenyamaza, lakini limenikaa kooni. Mahali pale pana jina lenye nusu mbili. Ni kumbukumbu ya ushindi wa Perry na ya amani ya kimataifa. Nusu ya pili tumeiacha kwenye kivuko.

Ushindi nausema upesi. Ni wa vita vya Marekani na Uingereza, katika Ziwa Erie lile lile. Tarehe 10 Septemba 1813, Oliver Hazard Perry, kijana wa miaka 28, alikuwa na meli 9 za Marekani. Robert Barclay, Mwingereza ambaye mkono mmoja alikwisha kuupoteza vitani, alikuwa na 6. Meli ya Perry, Lawrence, ilipigwa mizinga mpaka ikawa gofu. Akashuka kwenye mashua, akapigiwa makasia risasi zikinyesha hadi kwenye meli nyingine, Niagara, akarudi vitani, na alasiri hiyo hiyo meli zote 6 za Waingereza zikasalimu amri. Walikufa Wamarekani 27 na Waingereza 41. Na miongoni mwa mabaharia wa Perry walikuwamo watu weusi, si mmoja wala wawili. Watoto wetu waliozaliwa Ohio waambiwe hilo.

Sasa shukeni chini. Mnara una urefu wa mita 107, na kila mtu anaingia akiwa tayari ameinua shingo, anatafuta lifti. Chini ya sakafu ile anayoikanyaga wamelala maofisa 6, Wamarekani watatu na Waingereza watatu, waliouawa siku ile moja. Walizikwa pamoja ufukweni, katika mazishi yaliyohudhuriwa na pande zote mbili, mshindi na mateka wake, wakati majeruhi bado wanauguzwa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1913, mnara ukiwa unajengwa, mifupa yao ilifukuliwa ikaletwa hapo. Hawakutenganishwa.

Mimi pia ningewapita. Aliyenizuia ni mama mmoja wa msafara wetu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyebaki chini kwa sababu ya magoti. Nilipomsomea habari za vita, hakuuliza habari za meli. Aliuliza, "Wale walioshindwa walizikwa wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa, mama. Pamoja na waliowashinda."

Akainamia sakafu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na waliandikishana?"

Swali hilo la pili ndilo ninalotaka tulijadili, kwa sababu sisi tuliopanda juu hatukulifikia. Mtu aliyetoka sehemu ambayo amani imetangazwa redioni mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu hakuulizi nani alihutubia. Anakuuliza nani alitia saini, na silaha zimekwenda wapi.

Waliandikishana, mama. Aprili 1817, Richard Rush kwa Marekani na Charles Bagot kwa Uingereza walibadilishana barua, na mwaka uliofuata Seneti ya Marekani ikaridhia. Hakuna maneno matamu mle. Mna hesabu. Katika Ziwa Ontario, kila upande abaki na meli moja ya kivita. Katika maziwa ya juu, mbili mbili. Ziwa Champlain, moja moja. Hakuna itakayozidi tani 100, wala kubeba zaidi ya mzinga mmoja wa kufyatua tufe la ratili 18. Nyingine zote zivunjwe, na zisijengwe mpya. Anayetaka kujitoa atoe taarifa miezi 6 kabla. Makubaliano hayo yanatumika hadi leo, na hiyo ndiyo amani iliyojengewa mnara: mtu alikaa na mwenzake aliyempiga mizinga miaka minne kabla, wakahesabiana meli moja moja.

Nimekulia Kigoma, na pale tunajua meli inaweza kubadilishwa kazi. Liemba yetu Wajerumani waliitumia vitani katika Ziwa Tanganyika, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, ikaja kubeba abiria na magunia ya dagaa. Nikiwa mdogo sikujua kwamba nilikuwa nimeketi juu ya silaha ya zamani.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mpaka ule wa Marekani na Kanada, iliyokuwa chini ya Waingereza, haukutulia siku moja. Ngome ziliendelea kujengwa miaka mingi baada ya zile barua. Lakini kuna jambo zito zaidi. Vita ile ya ziwani iliwalazimisha Waingereza kurudi nyuma, na Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, kabila la wenyeji wa asili, aliyepigana upande wao, akauawa tarehe 5 Oktoba 1813, wiki chache tu baadaye. Mkataba wa Ghent wa 1814, uliomaliza vita hivyo, uliahidi kuwarudishia wenyeji haki zao. Hawakurudishiwa. Chini ya sakafu ile hakuna hata mmoja wao, na ni ardhi yao iliyopiganiwa. Nilimwambia mama hilo pia, maana aliuliza kama wote waliandikishana.

Alikaa pale mpaka tuliposhuka na kelele zetu, tukaanza kuhimizana, kivuko, kivuko. Yeye hakupanda, na ndiyo maana hayumo kwenye picha hata moja kati ya zile mnazotumiana.