Mwenye mzigo ndiye mwenye njia

Siku hizi wageni wangu wa Dar wakishuka tu kwenye treni ya umeme, hata chai hawajanywa, wanauliza: "Mlimani tunapanda lini?" Tangu treni hiyo, SGR, ianze safari za Morogoro mwaka 2024, Jumamosi zangu zimekuwa za kupandisha watu milima ya Uluguru. Wanakuja na viatu vya kukwea, fimbo za kukunja na chupa zenye mrija. Wanaiita "haiking". Mimi naiita njia ya sokoni, na ubishi wetu unaanzia hapo.

Tunaanzia Barabara ya Boma, mjini kwenye mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, na kupanda upande wa Morningside, lile jumba la enzi za Wajerumani lililo zaidi ya mita 1,000, kuelekea kijiji cha Towelo. Barabara ya magari ipo, inapinda na kupinduka hadi mahali fulani. Waenda kwa miguu hawaitaki. Wanakata kona zote kwa vichochoro vya udongo mwekundu vinavyopita katikati ya migomba na uwanja wa mtu, mara unajikuta unapiga hodi bila kukusudia. Masika, vichochoro hivyo ni sabuni tupu. Mgeni wangu mmoja alishuka mita kumi kwa makalio, fimbo zake zote mbili zikiwa mkononi.

Saa moja asubuhi, nyinyi mkiwa mnapanda, kijiji kinashuka. Mikungu ya ndizi, matenga ya karoti, kabichi, mafungu ya mboga, vyote kichwani juu ya ngata, vikiwahi soko kabla jua halijakausha mboga na dalali hajapata kisingizio. Wengi ni akina mama. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba shamba lile la kwenye mteremko, ambalo mbuzi mwenyewe angesita kusimama juu yake, ni la bibi.

Hapo ndipo ninapogombana na wageni. Njia ni nyembamba, inatosha mguu mmoja baada ya mwingine. Anashuka mama na tenga, anakutana na vijana sita wa mjini waliojipanga kupiga picha na Bwawa la Mindu kwa nyuma. Anayeingia majanini ni nani? Nimeona mara nyingi mno: ni mama. Anasogea na mzigo wake, mguu mmoja kwenye tifutifu ya shamba la mtu, anasema "karibuni" kwa adabu, nao wanampita wakihema. Mwenye kilo kadhaa kichwani anampisha mwenye chupa ya maji. Mimi nasema aliyebeba apishwe, na ukipisha, pisha upande wa bonde, yeye aegemee mlima.

Wapo wanaosema njia hii iwekewe vibao, geti na kiingilio, kijiji kipate chochote. Sipingi kijiji kupata. Geti ndilo linanitia wasiwasi, maana geti likishasimama mwenye njia anageuka kuwa kivutio. Na watu wa milima hii wana kumbukumbu ndefu kuhusu mipango inayopanda kutoka mjini. Mwaka 1955, upande wa pili wa Uluguru kule Matombo, walichachamaa dhidi ya amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi mashambani kwao. Polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo la maana. Tatizo ni kwamba anayeshika jembe hakuulizwa.

Mimi ningeulizwa (sijaulizwa), ningeomba mifereji ya kuchepusha maji ya mvua yasifanye njia kuwa korongo, na mahali pa kutulia mzigo. Hili la pili mtu wa mjini hawezi kulifikiria. Mzigo mzito unaweza kuutua peke yako, lakini kujitwika tena ni kazi nyingine. Ndiyo maana utamkuta mtu amekaa kando ya njia na tenga lake, hana haraka, ukadhani anapunga upepo. Anangoja mtu wa kumtwika. Kingo ya mawe yenye kimo cha kifua, kila baada ya mwendo kidogo, ingemwondolea kungoja.

Nimelijua hilo kwa aibu. Mwezi uliopita tulimkuta mama mmoja amekaa hivyo juu ya jiwe. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Hebu nitwike." Nikajikunja nikashika tenga la karoti kwa madaha, nikainua hadi magotini, basi. Rafiki yangu wa Dar akaja upande wa pili, tukalifikisha kifuani, likalala upande, karoti tatu zikaenda zao bondeni. Mama akachuchumaa kidogo, akaingiza kichwa chini ya tenga, akasimama nalo kama anavaa kofia. "Ahsanteni," akasema, na ninavyomjua Mluguru, alikuwa anacheka moyoni.

Tukaendelea kupanda. Towelo tulikula ndizi, tukauangalia mji kasoro bahari ukiwa mdogo chini yetu, nikawakumbusha wa Dar kwamba bahari hatuna lakini Mto Ruvu wanaounywa unaanzia milima hii. Saa nane tukaanza kuteremka, magoti yakitetemeka. Hatujafika hata Morningside, tukasikia mtu anapanda kwa mwendo wa haraka. Tenga tupu, ndani yake kipande cha sabuni na sukari.

"Ee, baba," akasema bila kusimama, nasi sote tukaingia majanini kumpisha. "Kumbe bado hamjafika?"