Umeokoka Mara Ngapi?

Kwenye mikutano ya injili ya uwanjani, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, kuna watu ambao washauri wanawajua kwa sura. Mhubiri akisema anayetaka kumpokea Yesu apite mbele, wao hupita. Walipita mwaka jana, wakapita tena Agosti, na leo wako pale pale, mikono juu, machozi yanawatoka. Si wanafiki hao. Waliongozwa sala ya toba ya dakika mbili, wakajaziwa kadi ya jina na nambari ya simu, na hakuna aliyewaeleza wokovu wao umesimama juu ya nini. Baada ya wiki tatu msisimko ukapoa, wakadhani wokovu umeondoka nao.

Lawama naiweka kwetu tunaofundisha. Tumemzoesha muumini mchanga kuiamini sala yake badala ya kumwamini Kristo, naye anabaki akijiuliza kama aliisema kwa moyo wote. Swali hilo halina mwisho. Yohana hakumpeleka msomaji wake huko. Alisema wazi kwa nini aliandika waraka wake wa kwanza: "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele" (5:13). Ni mjue, si mbahatishe. Na ni mna, si mtapata mkijitahidi.

Fikiria abiria wawili kwenye matatu ya Kisumu kwenda Nakuru, gari likishuka Sachangwan kuelekea Salgaa, mteremko unaojulikana kwa ajali. Mmoja amelala mdomo wazi. Mwingine ameng'ang'ania kiti cha mbele, macho kwenye lori lililo nyuma. Watashuka stendi moja, dakika ile ile, kwa sababu kinachowafikisha ni gari na dereva, wala si utulivu wa abiria. Imani ndogo iliyomshika Kristo ina Kristo mzima, sawa na imani kubwa. (Mfano una kasoro yake: kwa dereva wa Salgaa, huyo wa pili ana haki ya kuogopa.)

Hisia zina nafasi, lakini huja nyuma. Askari wa gereza la Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka, akajibiwa, "Mwamini Bwana Yesu" (Matendo 16:31). Furaha inatajwa mstari wa 34, baada ya kusikia neno, kuwaosha Paulo na Sila majeraha na kubatizwa. Ukianza kwa kuitafuta furaha, kila Jumatatu asubuhi utajiona umepotea.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa mbali havigusi. Mtoto akiugua au ng'ombe akifa, mwamini mpya anauliza, "Nimekosea wapi?" Mwenye kukulia kwenye hofu ya chira anajua swali hilo: shida ni ushahidi kwamba kuna mwiko umevunjwa. Akishaokoka, hofu ile ile hubadilisha nguo, sasa ni Mungu anayemdai. Afunguliwe Warumi 8:35, ambapo Paulo anataja dhiki, njaa, uchi na upanga, kisha asome hadi mstari wa 39 aone kama kuna hata kimoja kinachomtenga na upendo wa Kristo. Na akiambiwa atume sadaka ndipo aombewe kifungo kikatike, aweke simu mfukoni. Waefeso 2:8 inauita wokovu kipawa, na kipawa hakina ada.

Kuhusu ubatizo nitasema kidogo. Ni agizo la Bwana, usiucheleweshe bila sababu. Ila usiufanye msingi wa hakikisho la wokovu. Marafiki (Waquaker) wa Kaimosi, walioanza kazi huko mwaka 1902, hawabatizi kwa maji kabisa, na mnyang'anyi msalabani hakupata nafasi ya kushuka mtoni.

Mwongozo ninaopendekeza ni rahisi. Injili ya Yohana ina sura 21. Soma moja kila siku, nawe utakuwa umevuka zile wiki tatu ambazo wengi huangukia. Kisha soma 1 Yohana, sura tano, kwa mkao mmoja. Nusu saa inatosha. Pigia mstari kila penye "twajua". Utaona alama tatu zikirudi: kumwamini Yesu kuwa Kristo (5:1), kuwapenda ndugu (3:14), kushika amri (2:3). Hizo ni matunda ya mti ulio hai. Anayeishi na dhambi yake kwa raha, hamtaki Kristo, ila ameitunza kadi ya mkutano, mimi simpi hakikisho lolote.

Wengi hukwama 3:9, "hatendi dhambi", wakajihukumu papo hapo. Wamesahau kwamba mwandishi huyo huyo, kwenye 1:8, anasema tukidai hatuna dhambi twajidanganya, na 2:1 anamtaja Mwombezi kwa ajili ya atakayeanguka. Anachokataa 3:9 ni dhambi kuwa makao ya mtu.

Je, wokovu unaweza kupotea? Kuna makanisa yanayosimama juu ya Yohana 10:28 kusema haupotei, na yanayosimama juu ya Waebrania 6 kusema unaweza kupotea. Mjadala huo usimtwike mtu wa mwezi mmoja. Pande zote mbili zinakubali kwamba anayemtegemea Kristo leo yuko salama leo.

Basi tuseme umekwenda matanga Jumamosi, ukanywa busaa mpaka ukabebwa nyumbani. Ukipata fahamu, itaje dhambi kwa jina lake mbele za Mungu. "Kama nimekosa" si ungamo. Shika 1 Yohana 1:9. Kama ulimtukana mtu, mrudie yeye mwenyewe. Mwambie ndugu mmoja aliyekomaa, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, si kundi zima la WhatsApp. Jumapili nenda ibadani hata ukikaa benchi la nyuma. Mwito ukitolewa wa wanaotaka kuokoka, baki umekaa, ufungue Zaburi 51:12. Daudi, aliyefanya makubwa kuliko busaa, aliomba arudishiwe furaha ya wokovu.