Msomi wa biashara akienda kijijini, nani bosi wake?

Mwaka 1972 Ravi Matthai aliachia ukurugenzi wa IIM Ahmedabad, chuo cha biashara chenye jina kubwa nchini India, akabaki hapohapo kama profesa wa kawaida. Miaka mitatu baadaye alikuwa Jawaja, eneo kame la Rajasthan, akikaa chini na wafumaji na mafundi wa ngozi, watu ambao mfumo wa tabaka uliwaweka mwisho kabisa. Kwa hesabu za wapangaji wa serikali, Jawaja haikuwa na rasilimali. Matthai na wenzake, wakiwemo wabunifu wa taasisi ya taifa ya usanifu, waliona mikono inayojua kazi ila haina soko. Wakaanza na mifuko, mazulia, kukokotoa bei, kuzungumza na mnunuzi wa mjini bila dalali. Tangu mwanzo lengo lilikuwa mafundi wale wafike mahali wasimhitaji tena profesa.

Namtanguliza Matthai kwa sababu habari tulizozoea kuhusu wahitimu wa MBA wanaokwenda vijijini India huwa zinahusu jambo jingine kabisa: mshahara walioukataa. Kaushlendra Kumar, aliyehitimu chuo hichohicho mwaka 2007 na kurudi kwao Bihar kushughulika na mboga, aliandikwa sana kwa mtindo huo. Kazi yake ilikuwa na uzito kuliko vichwa vya habari. Aliwaunganisha wakulima na wachuuzi, akaleta mikokoteni yenye ubaridi ili mboga zisinyauke kwenye jua la Patna. Namheshimu. Lakini mshahara uliokataliwa haumlishi mkulima. Ninachotaka kujua kila ninaposoma habari ya namna hii ni hiki: kijana huyu akivurunda, wanakijiji wana uwezo wa kumwondoa?

Pale Anand, Gujarat, walikuwa nao. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, waligoma kumuuzia maziwa mfanyabiashara aliyekuwa akiwapangia bei, wakaunda ushirika wao. Mwaka 1949 akafika mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyesomeshwa Marekani kwa fedha za serikali na kupangiwa kiwanda cha maziwa cha serikali mjini hapo. Hakupapenda, alikuwa anahesabu siku aondoke. Patel akamwomba abaki kidogo awasaidie na mashine. Alibaki hadi kufa kwake mwaka 2012.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni mpangilio wa kazi yenyewe. Kila kijiji kina chama chake. Asubuhi na jioni mfugaji analeta maziwa, hata kama ni lita moja, yanapimwa mafuta mbele yake, analipwa kwa kipimo hicho. Vyama vya vijiji vinachagua viongozi wa muungano wa wilaya, na wafugaji hao ndio wanaomwajiri meneja. Kurien alijiita mwajiriwa wa wakulima, na hakuwa anatia chumvi. Wataalamu wa nje waliposema maziwa ya nyati hayawezi kutengenezwa unga, mwenzake Harichand Dalaya aliikamilisha teknolojia hiyo katikati ya miaka ya 1950, kwa sababu waajiri wao walikuwa wanafuga nyati na maziwa ya msimu wa mavuno makubwa yalikuwa yanaharibika. Utaalamu ulifuata shida ya mwenye mali. Leo Amul, jina la biashara la ushirika huo na wenzake wa Gujarat, ina wafugaji zaidi ya milioni 3.

Sasa tazama Andhra Pradesh. Huko wasomi wazuri, wenye nia njema, waliingia kwenye mikopo midogo. Miaka ya mwanzo kulikuwa na mengi ya kusifu. Kisha fedha za wawekezaji zikamiminika, na Agosti 2010 kampuni ya mikopo ya SKS ikaingia soko la hisa na kukusanya zaidi ya dola milioni 300. Mwanamke mmoja alikuwa na mikopo mitatu au minne kwa wakati mmoja, na maofisa wanaodai marejesho mlangoni. Sisi Tanzania tuna jina la mikopo ya aina hii: kausha damu. Zikaja taarifa za wakopaji kujiua, na Oktoba mwaka uleule serikali ya jimbo ikabana ukusanyaji wa madeni. Watu wakaacha kulipa. Hata BASIX, taasisi ya mikopo ya Vijay Mahajan, mhitimu wa IIM Ahmedabad aliyetumia ujana wake kwa ajili ya vijiji, ilipigwa vibaya. Siamini kwamba watu hawa walikuwa wabaya. Naamini kikao kilichoamua kasi ya kukopesha hakikuwa na mkopaji hata mmoja mwenye kura.

Mahajan huyohuyo, pamoja na Deep Joshi, alianzisha shirika lisilo la kiserikali la PRADAN mwaka 1983, na hiyo kwangu ni njia bora. Vijana wenye digrii wanakwenda kuishi karibu na vijiji, wanasaidia wanawake kuunda vikundi vya kuweka akiba, vinavyofanana na VICOBA vyetu, na kikundi kinabaki mali ya wanawake. Joshi alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2009. Wachache nje ya India wanalijua jina lake, labda kwa sababu hakuna kampuni ya kupigia picha.

Kuna wanaosema msomi hahitajiki kabisa. Barefoot College ya Tilonia, hukohuko Rajasthan, imefundisha umeme wa jua kina mama wasiojua kusoma, wakiwemo wa Zanzibar, na wakaufunga majumbani kwao. Inanifurahisha mno, ila siendi mbali hivyo. Kiwanda cha maziwa kinahitaji mhasibu na mhandisi.

Kurien aliliona hilo, akaanzisha IRMA, chuo cha usimamizi wa shughuli za vijijini, hapo Anand mwaka 1979 ili vyama vya ushirika vipate mameneja wao, na wanafunzi wakapelekwa vijijini kama sehemu ya masomo. Mwaka 2025 bunge la India liliamua taasisi hiyo iwe chuo kikuu cha ushirika chenye jina la Tribhuvandas Patel. Natamani huko mwanafunzi asikabidhiwe cheti kabla ya kusimama mbele ya kamati ya wafugaji wa kijiji alikofanyia mazoezi, awasomee hesabu za chama chao kwa lugha yao, nao waseme kama wangemwajiri.