Petroli ya bei nafuu na hesabu inayosomwa nusu

Norway huchimba mafuta mengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Ulaya Magharibi, na petroli yake ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi duniani. Venezuela na Iran zimeuza yao kwa miaka mingi kwa bei inayozidiwa na chupa ya maji. Pipa ni lile lile la lita 159, na soko linalolipangia bei ni moja. Anayetafuta chanzo cha tofauti hiyo ardhini anatafuta pasipo.

Zipo sababu ndogo ndogo. Nchi isiyo na bandari hulipia safari ndefu ya malori. Isiyo na kiwanda cha kusafisha mafuta hununua petroli iliyokwisha kusafishwa na wengine. Sarafu ikishuka, bei hupanda hata kama pipa limetulia, kwa kuwa mafuta hununuliwa kwa dola. Lakini zikusanye zote, bado hazielezi kwa nini lita iuzwe senti chache huku na zaidi ya dola mbili kule. Kinachoeleza ni mkono wa serikali kwenye pampu: ama unachota, ama unatia.

Uingereza ni mfano mzuri wa mkono unaochota. Machi 2022 ushuru wa mafuta ulishushwa hadi peni 52.95 kwa lita, na huko ndiko kushushwa. Juu yake huja VAT ya asilimia 20, inayotozwa hata juu ya ushuru wenyewe. Lita ikiuzwa peni 140, ushuru ni karibu peni 53 na VAT peni 23. Jumla ni peni 76, zaidi ya nusu ya bei, na zote zinakwenda hazina kabla mchimbaji, msafishaji, mwenye meli na mwenye kituo hawajagawana kilichobaki. Marekani, kwa upande wake, ushuru wa serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993, yaani chini ya senti 5 kwa lita, kisha kila jimbo huongeza lake. Dereva wa Texas na dereva wa London wanatumia mafuta ya soko moja. Kinachowatenganisha ni bunge.

OPEC, jumuiya ya nchi zinazouza mafuta iliyoanzishwa Baghdad mwaka 1960, imelalamika kwa muda mrefu kwamba hazina za nchi tajiri hupata zaidi kwenye lita moja kuliko aliyeyatoa mafuta chini ya ardhi. Kwa hesabu ya hapo juu, hawasemi uongo. Ila kodi ya Mwingereza hutoka mfuko wa Mwingereza na kuingia hazina ya Mwingereza. Hakuna pato jipya lililozaliwa. Fedha ya mafuta yanayouzwa nje ni pato hasa, limetoka kwa wengine.

Na limekwenda kwa nani? Watu wengi hujibu haraka: kampuni kubwa za Magharibi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, ExxonMobil ilipata faida ya karibu dola bilioni 56 na Shell karibu bilioni 40. Ni fedha za kutisha. Lakini mwaka huo huo Saudi Aramco ilipata dola bilioni 161, na mwenye zaidi ya asilimia 90 ya Aramco ni serikali ya Saudia. Norway nayo hutoza faida ya kampuni za mafuta asilimia 78. Mlaji mkubwa wa fedha ya mafuta duniani, basi, ni serikali, ya upande wa kuuza au ya upande wa kununua. Swali zito ni serikali hiyo ikishashiba, nini kinamfikia mwananchi.

Katika nchi nyingi zenye mafuta jibu limekuwa moja kwa miongo mingi: petroli rahisi. Barabara huenda haipo na hospitali haina dawa, lakini lita ni ya bei ya kutupa. Na ndipo wataalamu wa uchumi hufika na begi lao kusema ruzuku hiyo ni kosa. Hoja zao zinajulikana: inamaliza bajeti, inachochea matumizi ya ovyo, inalisha magendo, na zaidi ya yote inamnufaisha tajiri mwenye magari matatu kuliko maskini asiye na hata baiskeli.

Hoja hiyo ya mwisho ina takwimu yake maarufu. Ilitoka mwaka 2010 katika utafiti wa watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kuhusu nchi zinazoendelea: asilimia 20 ya kaya tajiri zaidi huchukua ruzuku ya mafuta mara sita ya ile inayozifikia asilimia 20 ya kaya maskini zaidi. Mara sita. Imetajwa katika hotuba za mawaziri, katika ripoti na katika tahariri, kiasi kwamba anayeitetea ruzuku huonekana ama hajui hesabu, ama ametumwa na wenye magari.

Utafiti huo huo, katika muhtasari huo huo, una sita nyingine. Ruzuku ikipunguzwa kwa senti 25 za dola kwa lita, kipato halisi cha kaya hushuka kwa wastani wa asilimia 6, na hushuka hivyo kwa matabaka yote, juu hadi chini. Tena zaidi ya nusu ya maumivu hayo hayatoki kwenye mafuta anayonunua mtu mwenyewe. Yanatoka kwenye bei za vitu vingine: nauli, chakula kilichosafirishwa, kila kilichopanda lori.

Hizi sita mbili zinastahili kuwekwa mezani pamoja, na mara nyingi huwekwa moja. Chukua kaya ya kipato cha dola 100 kwa mwezi na nyingine ya dola 3,000. Kwa asilimia 6, ya kwanza imepoteza dola 6, ya pili dola 180. Ukihesabu noti, tajiri ndiye aliyeumia, na mtaalamu ana haki ya kusema ruzuku ilikuwa inamwagikia kwake. Ila tajiri atapunguza safari ya mapumziko. Yule wa dola 100 hana pa kupunguza ila sufuria. Takwimu ya kwanza inajibu swali la nani alikuwa akipata zaidi. Ya pili inajibu nani ataweza kuvumilia. Ni maswali mawili, na mwananchi anayeingia barabarani kuandamana anajibu la pili. Kumwambia "huna gari, ruzuku inakuhusu nini" ni kumsomea nusu ya karatasi.

Tatizo la pili ni la imani zaidi kuliko hesabu. Nigeria inalionyesha vizuri kuliko nchi nyingine yoyote ninayoweza kuitaja. Siku ya Mwaka Mpya wa 2012 serikali ilitangaza kuondoa ruzuku, na lita ikaruka kutoka naira 65 hadi 141. Mgomo uliisimamisha nchi, na katikati ya Januari bei ikarudishwa hadi 97. Kisha kamati ya bunge ikachunguza ruzuku ilikuwa ikienda wapi. Ripoti yake ilisema takriban dola bilioni 6.8 zilipotea ndani ya miaka mitatu, na miongoni mwa waliotajwa ni wafanyabiashara waliolipwa ruzuku ya petroli ambayo haikuletwa nchini. Na kama vile hadithi haijatosha, mwenyekiti wa kamati hiyo mwenyewe alihukumiwa kifungo mwaka 2021 kwa kupokea rushwa katika uchunguzi huo huo.

Kila upande huutumia mkasa huu. Mtaalamu anasema: mnaona, ruzuku ni shimo la wezi. Mwananchi anasema: naam, na wezi hao ndio mnaotaka niwakabidhi hata ile sehemu iliyokuwa ikinifikia. Mimi naona wa pili ndiye aliyefikiri zaidi. Petroli rahisi ina sifa ambayo hospitali ya kwenye bajeti haina: haipiti kwa katibu mkuu, haipiti kwenye zabuni, haimsubiri mkandarasi. Unaiona kwenye pampu leo. Kuiacha kwa ahadi ya shule zitakazojengwa kunahitaji kuamini kwamba fedha itakayookolewa itafika shuleni, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mei 29, 2023 Rais Bola Tinubu alitangaza katika hotuba ya kuapishwa kwamba ruzuku imekwisha. Ndani ya siku chache lita ilitoka chini ya naira 200 hadi kupita 500. Juni naira ikaachwa ijitafutie bei sokoni, ikaanguka, na kufikia mwishoni mwa 2024 lita ilikuwa imepita naira 1,000. Hapa ndipo watu huuliza kwa uchungu inakuwaje nchi inayouza mafuta ghafi inunue petroli kwa bei ya dunia. Viwanda vya serikali vya kusafisha mafuta vilikuwa vimesimama miaka na miaka. Kiwanda binafsi cha Dangote, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilianza kutoa petroli Septemba 2024, lakini nacho hakinunui mafuta ghafi kwa bei ya kindugu. Mafuta kuwa chini ya miguu yako hayakuondoi kwenye soko la dola.

Hapo Norway huletwa kama fimbo ya kuwachapia wengine: tazameni, wana mafuta na wanalipa bei kamili. Ni kweli, na ni muhimu kutazama kinachofuata. Mfuko wao wa mafuta, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1990, ulikuwa umepita krona trilioni 19 kufikia mwisho wa 2024, kwa taifa la watu wasiofika milioni sita. Thamani yake huonyeshwa mtandaoni, na mtu anaweza kuitazama ikipanda na kushuka akiwa kitandani. Kuna kanuni ya kiasi ambacho serikali inaruhusiwa kutumia kila mwaka. Mnorway hahitaji gawio kwenye pampu kwa sababu analiona kwenye daftari. Alaska walifanya kwa njia nyingine: tangu 1982 kila mkazi hulipwa gawio la mfuko wa mafuta wa jimbo, na mwaka 2022 lilikuwa dola 3,284 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Wote hawa wana kitu cha kushika mkononi. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari; mwananchi asiye na daftari hugeuza bei ya pampu kuwa daftari lake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa IMF kuitwa mnyonge ni kichekesho. Ruzuku ya mafuta ina madhara ya kweli. Petroli ya Nigeria ilivuka mpaka kwa madumu kwenda Benin, ambako biashara hiyo ina jina lake, kpayo, na familia nyingi zilikula kwayo. Maana yake Mnigeria alikuwa akimlipia jirani yake bila kuulizwa. Fedha nyingi iliyoteketea hivyo ingeweza kweli kununua dawa. Na wapo waliofanikiwa kutoka. Indonesia, ambako kupandisha bei ya mafuta kulikuwa sehemu ya machafuko ya Mei 1998 yaliyomwondoa Rais Suharto, ilipandisha tena kwa kishindo Oktoba 2005, safari hii ikizigawia mamilioni ya kaya maskini rupia 100,000 kwa mwezi. Nchi haikuungua. Januari 2015 iliondoa ruzuku ya petroli wakati bei ya dunia imeporomoka, na wengi hawakuhisi pigo. Kwa hiyo sisemi ruzuku ibaki milele. Nasema anayeitetea anadai malipo kabla ya kuachia dhamana aliyonayo, kama ambavyo mfanyabiashara yeyote angedai.

Iran imejaribu njia zote mbili, na ndiyo maana naona inafundisha kuliko Norway. Desemba 2010 petroli ya mgao ilipanda kutoka rial 1,000 hadi 4,000 kwa lita, mara nne kwa usiku mmoja. Mitaa ilibaki kimya kwa kiasi kikubwa. Kabla ya siku hiyo, fedha ilikwisha kuingizwa kwenye akaunti za watu: rial 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi, karibu dola 45 wakati huo. Watu waliziona hata kabla hawajaruhusiwa kuzitoa.

Kiasi hicho hakikupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Rial ilianguka mwaka baada ya mwaka, na rial 455,000 zile zile zikawa dola chache tu. Usiku wa kuamkia Novemba 15, 2019, bila onyo, petroli ilipanda kutoka rial 10,000 hadi 15,000 kwa lita 60 za kwanza za mwezi na 30,000 kwa zinazozidi. Serikali ilisema fedha yote itarudishwa kwa wananchi kama msaada. Maandamano yalisambaa nchini, intaneti ikazimwa karibu wiki nzima, na Amnesty International ilithibitisha vifo visivyopungua 300. Malipo ya kwanza ya msaada ulioahidiwa yaliingia kwenye akaunti Novemba 18, siku tatu baada ya bei.