Mabasi Mawili ya Mandera

Tarehe 22 Novemba 2014, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenda Nairobi, wakawatenga abiria waliodhaniwa si Waislamu, wakawaua watu 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak, katika kaunti hiyohiyo, na washambuliaji wakadai jambo lilelile: Waislamu wakae upande huu, Wakristo upande ule. Safari hii abiria walikataa. Wanawake Waislamu walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyesimama na wenzake alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016.

Nayataja mabasi haya mawili kwa sababu yanaonyesha anachokitafuta gaidi zaidi ya maiti. Anataka jirani amtazame jirani yake kwa jicho la shaka, kisha serikali iichukue shaka hiyo na kuifanya sera. Kwa hiyo kila hatua inayochukuliwa baada ya shambulio inafaa kupimwa kwa maswali mawili: je, imezuia shambulio lijalo, na je, imewagawa abiria au imewaacha wakiwa kitu kimoja?

Wanaotetea mkono mzito wa dola wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa. Nairobi haijasahau tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani na kuua watu 213, siku ileile ambayo watu 11 waliuawa Dar es Salaam. Wengi walipoteza macho siku hiyo kwa sababu waliposikia mlio wa kwanza walikimbilia madirishani kuchungulia, na mlipuko mkubwa ukawakuta nyuma ya vioo. Kisha likaja shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, watu 148. Serikali isiyoweza kumhakikishia mwanafunzi kwamba ataamka bwenini akiwa hai imeshindwa na kazi yake ya kwanza. Tena uwezo hujengwa. Westgate ilichukua siku nne, polisi na wanajeshi wakikosa uratibu ndani ya jengo moja, ilhali shambulio la hoteli ya Dusit, Januari 2019, lilimalizwa katika muda usiofika siku nzima, na mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai ingawa 21 waliuawa. Tofauti hiyo ilitokana na mafunzo, vifaa na bajeti, na anayepinga kila shilingi inayokwenda kwenye usalama hana budi kueleza angewatoaje watu wale.

Ninapotofautiana na watetezi hao ni pale mkono huo unapoacha kumtafuta mhalifu na kuanza kuitafuta sura. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, na baadhi wakakusanywa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili ukaguliwe uraia wao. Anayesafiri kwa basi kati ya Garissa na Nairobi anajua jambo hili linavyoonekana kwa karibu. Basi linasimama kizuizini karibu na daraja la Mto Tana, askari anaagiza kila mtu atoe kipande. Abiria wanashuka wakiwa na vitambulisho mkononi, kisha wenye sura fulani wanarudi vitini haraka na wenye sura nyingine wanabaki juani wakiulizwa walikozaliwa. Hakuna risasi iliyopigwa hapo, na kulinganisha ukaguzi na mauaji kungekuwa kuwakosea heshima waliokufa. Lakini abiria wamegawanywa, na kila mmoja amejifunza anahesabiwa upande gani.

Mgawanyo huo haukuleta hata usalama ulioahidiwa. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu wa Mandera, na baba huyo alikuwa amekwisha kuripoti kwa mamlaka kwamba kijana wake ametoweka. Mmoja wa waliotajwa kuongoza shambulio la Dusit alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya, aliyepanga nyumba kaunti ya Kiambu na kuishi na majirani kama mpangaji mwingine yeyote. Sura isingemfichua hata mmoja wao. Kisa cha yule chifu kinaniuma zaidi, kwa sababu alifanya kile ambacho serikali inawaomba wazazi wafanye siku zote: alikwenda akasema. Mzazi wa namna hiyo hupatikana pale tu watu wanapoamini kwamba kusema hakutawaletea msako nyumbani kwao, na kwamba aliyeambiwa ataifanyia kazi taarifa.

Mahakama zimesaidia kuweka mipaka. Sheria ya marekebisho ya usalama iliyopitishwa kwa vurugu bungeni Desemba 2014 ilifutwa vifungu vinane na Mahakama Kuu Februari 2015, na nchi haikuanguka kwa hilo. Hatua nyingine ziliuma kimyakimya: kusimamishwa kwa leseni za kampuni 13 za hawala, yaani za kutuma pesa, mwaka 2015, ambazo familia nyingi zilizitegemea kwa pesa ya chakula na karo, na vikwazo vya usiku huko Lamu, ambako mvuvi asiyeweza kuingia baharini usiku hana kitoweo wala cha kuuza asubuhi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uchunguzi maalumu waliofanyiwa watu wa kaskazini mashariki walipoomba vitambulisho. Hatua hiyo ilichelewa mno, na ofisi za usajili ndizo zitakazoonyesha kama imetekelezwa.

Suala la walimu ndilo ninalolipima mara nyingi bila kutulia. Baada ya mauaji ya 2014, na tena baada ya walimu kuuawa Wajir mwaka 2018 na Garissa mwaka 2020, walimu wasio wenyeji waliomba kuondolewa, na tume inayowaajiri ikawahamisha wengi. Sina ujasiri wa kumwambia mwalimu kijana kutoka Kakamega arudi darasani ambako mwenzake alipigwa risasi, wala sidhani kuna mwenye haki ya kumwambia hivyo. Hata hivyo, kila alipoondoka mmoja, lilibaki darasa la watoto wenye vitabu vya fizikia na bila mtu wa kuwafundisha. Lilipotolewa pendekezo la kulegeza alama za kujiunga na vyuo vya ualimu ili wenyeji wajaze pengo, likapingwa kwa kuhofiwa kwamba litashusha ubora. Mtahiniwa wa Mandera, hata hivyo, anaketi kwenye mtihani uleule wa taifa, siku ileile, na mwenzake wa Nairobi ambaye mwalimu wake hakuwahi kulazimika kuchagua kati ya kazi na uhai.