Msituite Wavivu

Juzi nimemsikia bwana mmoja redioni, sauti nzito, Kiswahili kilichopigwa pasi, akieleza kwa nini sisi watu wa Mombasa hatupigi kura. Uvivu, asema. Joto, mnazi, miraa, baraza. Akacheka, mtangazaji naye akacheka, wakaenda kwa matangazo ya biashara. Mimi wakati huo nimeinama jikoni nahamisha maji ya chini ya pipa kwa kikombe, kwa sababu yakifika chini hivyo jagi haliingii. Nikaizima redio kwa kiwiko.

Haya, bwana, nikueleze uvivu wetu.

Twakaa Kisauni, ghorofa ya nne. Maji ya bomba huja usiku wa manane, siku yanayotaka yenyewe, na ngazi hayapandi. Kwa hivyo kila nyumba ina mtu ambaye kazi yake ni kulala sikio wazi, na kwangu mtu huyo ni mimi. Bomba la chini likianza kukohoa saa tisa usiku, nashuka na mitungi, namkuta jirani amenitangulia. Ameifunga pampu yake moja kwa moja kwenye laini, anavuta. Wala hana ubaya. "Samahani dadangu, ngoja nijaze tangi kidogo tu." Tangi la lita elfu moja, kidogo tu! Hadi alfajiri tangi lake limejaa, bomba limekata pumzi, nami nina mitungi miwili na macho mekundu. Mwenye nyumba ukimpigia simu kuhusu pampu hiyo anakwambia mketi muelewane kama watu wazima. Kodi ya nyumba haketi na mtu kuelewana.

Asubuhi ndipo anapofika kijana wa mkokoteni. Mtungi shilingi 30 ukiupokea chini, na kila ghorofa anaongeza shilingi tano. Simlaumu, mgongo ni wake. Ila ukimuuliza maji ni ya kisima gani anaangalia pembeni. Mara nyingi ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, na mgeni ukimpikia chai anakunywa nusu kikombe kisha anakumbuka ana safari. Ya stima sitasema mengi: tokeni huisha samaki akiwa kwenye friji, hii mnaijua. Gesi, sawa, nikubali kwa shingo upande kwamba VAT ya asilimia 8 iliondolewa Julai 2023, na mwenye kuiondoa apewe haki yake. Ila ile bei tuliyoahidiwa mwaka huo huo, mimi bado naingojea.

Sasa mtu anayeishi hivyo, anayejua kwa kichwa ana mitungi mingapi, nani kaoga na nani bado, na kama ya kupikia wali yatafika Jumatano, mtu huyo unamwita mvivu? Huyo ndiye mwenye hesabu kali kuliko wote. Na hesabu hiyo hiyo ndiyo anayoifanya siku ya kura.

Tuanze na hesabu ya 2022. Waliokuwa kwenye daftari la wapiga kura ni 22,120,458. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, Raila Odinga akapata 6,942,930. Wachambuzi walikesha wakilichambua lile pengo la laki mbili na ushee, nani kaangushwa na kaunti gani, hadi kesi ikafika Mahakama ya Juu. Kumbe kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kwake, mlango umefungwa. Waliojiandikisha wasitokee walikaribia milioni nane. Waliobaki nyumbani walimshinda mshindi! Wangekuwa chama wangekuwa Ikulu sasa hivi, ingawa nadhani wangeikuta haina maji.

Mwaka 2013 waliotokea walikuwa asilimia 86. Mwaka 2022 ni kama asilimia 65. Watu wale wale, nchi ile ile. Uvivu ni ugonjwa gani huu unaoingia kwa awamu, uchaguzi hadi uchaguzi?

Na sisi Mombasa, naam, hata nusu hatukufika. Lakini bwana wa redioni amesahau jambo moja. Agosti 9 mwaka ule, waliojihimu tangu alfajiri wakapanga foleni hapa walipewa karatasi tano badala ya sita. Karatasi ya gavana ilikuwa na picha na majina yasiyo yenyewe, hapa na Kakamega. Zimechapishwa Ugiriki huko, zimesafirishwa, zimepokewa, na hakuna aliyezifungua akazitazama hadi siku ya mwisho. Tukaambiwa turudi tarehe 23, kisha hiyo nayo ikasogezwa, tukaambiwa tarehe 29. Mtu mwenye kibarua cha kutwa aombe ruhusa tena, apoteze ujira tena. Asiporudi, mvivu.

Lakini ya karatasi naweza kusamehe. Jambo ambalo mimi halinitoki moyoni ni unga.

Mnakumbuka unga wa 2017? Ulipanda, watu wakalia, tukaambiwa ni ukame, ni mambo ya soko, serikali haina fimbo ya kuigusa bei. Mei ikaingia, zikabaki kama miezi mitatu tupige kura, fimbo ikapatikana. Pakiti ya kilo mbili, shilingi 90. Basi tukasema labda imesadifu tu. Ikaja 2022. Pakiti ikavuka shilingi 200, na maelezo yakawa yale yale, safari hii na vita vya Ukraine vikatiwa ndani. Julai 20, zimebaki wiki tatu, wallahi wiki tatu, ikatangazwa shilingi 100. Mimi nilizunguka maduka ya Kisauni hadi ya Kongowea nikiitafuta hiyo ya mia. Kwenye rafu kulikuwa na karatasi yenye bei mpya, na nyuma ya karatasi hakuna unga. Muhindi wa duka akaniambia kwa upole, "Mama, hii ni unga ya televisheni."

Kisha uchaguzi ukapita. Septemba 13, rais mpya alipoapishwa pale Kasarani, alilisema mwenyewe mbele ya dunia: ruzuku ya unga imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja, na haikuzaa matunda. Nikakaa kitako. Bilioni saba, mwezi mmoja! Yaani pesa zipo. Njia ya kuzitoa ipo, na haraka ipo. Mtu wa kusaini hakupelekewa barua na kamati, hakusubiri upembuzi yakinifu, hakwenda ziara ya mafunzo Dubai. Alitaka, ikafanyika kabla mwezi haujaandama.

Hapo ndipo matumaini ya watu yalipozikwa, wala si kwenye mitambo ya kuhesabia kura. Tungekuwa tunaamini kwamba hawawezi, tungewahurumia. Mtu asiyeweza huombewa dua. Ila wametuonyesha mara mbili mfululizo, kwa tarehe, kwamba sufuria ya maskini inaonekana vizuri sana kutoka walipo, na kwamba huitazama kwa wiki chache tu kila baada ya miaka mitano. Mama wa kupanga chumba Mishomoroni hana haja ya shahada kulielewa hilo. Anajua unga hushuka lini, anajua leso hugawiwa lini, na barabara ya mtaani humwagiwa kifusi lini. Ukimwambia kura yake ni sauti yake anakutazama tu. Sauti yake inasikika vizuri mno, ila ina msimu.

Nimetaja leso, acha nipumue kidogo. Kampeni zilizopita mama mkwe wangu alipewa leso yenye uso wa mheshimiwa mmoja. Kipande kimoja. Leso ni mbili jamani, kila mtu wa Pwani anajua, mtoto mchanga anajua. Ukipewa kimoja ujue mwenzako kapewa cha pili, ili nyote wawili msijisitiri. Yule bibi hakusema kitu. Akakiosha, akakikunja, akakifanya kitambaa cha kufunikia pipa. Hadi leo mheshimiwa amelalia maji ambayo hakuyaleta, na wajukuu wanamfinya uso kila wanapochota. Kugawa vitu hivyo kumekatazwa na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, lakini nani atamkamata mtu kwa kipande kimoja cha leso.

Basi shoga zangu wengi wamekata shauri: 2027 hawatoki. Agosti 10 watapika pilau, watalala. Nami karibu niungane nao. Kuna hoja moja tu inayonisumbua, na sina raha nayo, kwa sababu inatulaumu na sisi.

Tukishika simu, tukikaa barazani, tukipanda matatu, ugomvi wetu wote ni wa Ikulu. Nani yuko na nani, nani kamsaliti nani, handisheki hii na serikali jumuishi ile. Kwenye kituo unapewa karatasi sita. Ya rais unaikunja kwa mkono unaotetemeka. Zile tano nyingine watu wengi wanazipiga suti, chama kimoja juu hadi chini, hata jina hawasomi. Halafu maji! Maji si ya rais. Tangu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne limeyaweka maji na usafi wa mazingira mikononi mwa kaunti. Anayepaswa kuuliza bajeti ya maji ya kaunti ni mwakilishi wadi, MCA, yule wa karatasi tunayoiona kama nyongeza ya dukani. Naye anapatikana kwa kura chache, na katika wadi nyingine kwa kura ambazo jengo letu na la jirani yangebadilisha matokeo. Amekaa mtaani. Watoto wake wanasoma na wetu. Rais siwezi kumgongea mlango. Huyu naweza, tena usiku.

Sisemi kaunti ingeyaleta yote. Maji mengi ya mji huu hutoka mbali, mengine Mzima kule Tsavo Magharibi, kwa bomba la tangu enzi za mkoloni lililopita kilomita mia mbili na zaidi, mengine Baricho kwenye mto Sabaki. Kuyafikisha mjini ni mkono wa serikali kuu, kuyagawa ni mkono wa kaunti, na ukilalamika mkono huu unaunyooshea kidole ule. Utamu wa mpango huu kwa wanasiasa ni kwamba hakuna mwenye kosa. Na juu ya yote kuna bwawa la Mwache, huko Kwale, ambalo kila msimu wa kampeni hutajwa jukwaani kama ambavyo mchumba wa Ulaya hutajwa na familia ya bi harusi: anakuja, yuko njiani.

Kijana wangu wa kwanza, ana miaka kumi na tisa, haniungi mkono. Ananiambia mama, Juni 2024 tuliurudisha Mswada wa Fedha bila kupiga kura hata moja. Ni kweli. Bunge lilikwisha kuupitisha, vijana wakajaa barabarani, siku iliyofuata rais akasema hautii saini. Ni kweli pia kwamba wako walioondoka kwao asubuhi ile wakarudishwa kwa jeneza, na hilo siwezi kulifanyia mzaha wala sitaki lifanywe bei ya kawaida ya kusikilizwa. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, kisha akaniuliza ajiandikishe wapi kupiga kura. Sijui kama nilimshawishi au alitaka tu ninyamaze.

Mimi nitaenda. Nasema kwa uchungu, si kwa matumaini, na asije mtu wa redioni akanitumia kama mfano mwema. Nitaanza na karatasi ya MCA, ambayo wengine huimalizia. Ya rais nikifika nitaona moyo umeamkaje, na ikibaki nyeupe itakuwa nyeupe kwa makusudi. Wasiokwenda sitawaita jina lolote. Wamefanya hesabu ile ile niliyoifanya mimi, tumetofautiana jibu.

Na wagombea wa wadi yetu, kwa kuwa najua wameshaanza kupita pita na fulana, niwape taarifa mapema ili wasije wakasema wamevamiwa. Mlangoni kwangu sihitaji leso, kipande wala pea. Nitauliza bajeti ya maji ya kaunti mwaka jana ilitengewa kiasi gani na ngapi zilitumika. Wadi hii iliandikiwa kisima gani na kiko wapi. Ratiba ya mgao itabandikwa ukuta upi tuisome. Na wenye pampu kwenye laini mgombea atawaambia nini, naye akijua kwamba wana kura nyingi kuliko mimi. Atakayesema hajui lakini atauliza, nitampa kiti na maji ya baridi, ya kununua. Atakayeanza na Mwache nitamwambia ahsante, anipishe mlango, nina nguo nimeroweka.