Binti Yangu Akishika Zamu ya Sala

Mimi sina ugomvi na sala shuleni, na naomba hilo lieleweke mapema kabla sijaitwa kwenye kikao cha wazazi kujieleza. Taifa lenyewe kila likiimba wimbo wake linaanza kwa kumwomba Mungu aibariki Afrika, katika wimbo uliotokana na ule alioutunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, nami nimeuimba nikiwa nimesimama wima tangu darasa la kwanza bila kudhurika. Nimeisoma pia ibara ya 19 ya Katiba, ambayo inasema kwamba kufanya ibada ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi. Ninayoitafuta na ambayo bado sijaipata ni ibara ya kumlinda baba, pale mtoto wake wa darasa la nne anaposali kwa sauti mbele ya wenzake tisini, akiwamo binti wa Mangi mwenye duka.

Darasani kwao sala huenda kwa zamu. Orodha imebandikwa ukutani pembeni ya ubao, leo Mkristo, kesho Mwislamu, ili asinung'unike mtu, na kwa kweli hakuna aliyenung'unika isipokuwa mimi. Namwonea wivu jirani yangu Baba Hamisi. Zamu ya mwanawe ikifika, kijana anasimama, anasoma Al-Fatiha kama alivyoihifadhi madrasa, aya saba zisizopungua wala kuzidi, anaitikiwa "Amin" na kukaa. Katika aya hizo saba hakuna upenyo wa kuingiza habari za nyumbani kwa Baba Hamisi. Watoto wetu sisi, kwa upande mwingine, wamefundishwa kanisani kwamba wamweleze Mungu yaliyomo moyoni, na moyoni mwa binti yangu yamo yote yanayotendeka katika vyumba vyangu viwili vya kupanga.

Zamu yake ya kwanza aliwaombea wagonjwa, akauombea upimaji wa darasa la nne, kisha akasema: "Na umsaidie baba aache kujificha chooni mama wa kikoba anapokuja, kwa sababu choo ni cha wapangaji wote na wengine wanakuwa wanasubiri." Darasa zima likaitikia "Amina." Nayajua maneno hayo moja baada ya jingine kwa sababu nimesimuliwa na mwalimu wa darasa, na mama anayeuza vitumbua getini, na mama wa kikoba mwenyewe, ambaye siku hizi akifika hapigi hodi mlangoni bali huenda moja kwa moja uani na kukaa kwenye ndoo.

Nilimweka kitako binti yangu nikamweleza, kwa upole wote niliojaliwa, kwamba sala njema ni ya kushukuru. Alinielewa vizuri kupita kiasi. Zamu iliyofuata alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa walimu, na kwa mshahara wa baba uliotoka Ijumaa. Sasa, Ijumaa hiyohiyo mimi nilikuwa nimesimama mbele ya Mangi nikimweleza kwa uso wa huzuni kwamba mtandao wa benki unasumbua na mshahara haujaingia. Siku ile ya sala, nilipopita dukani jioni kununua kiberiti, nilikuta daftari limeshafunguliwa kwenye ukurasa wangu, na jumla imepigiwa mstari mara mbili: shilingi 46,500, za unga, sukari, mche wa sabuni na mafuta ya kupima.

"Baba Neema," alisema Mangi, "hongera kwa mshahara. Tumeshukuru pamoja nawe."

Hapo ndipo nilipopata wazo la kumwiga Baba Hamisi. Nikamwambia binti yangu kwamba tangu sasa zamu yake ikifika asali Baba Yetu peke yake, isiyoongezwa neno. Jioni tatu nilikaa naye mezani nikimsomesha kutoka Mathayo sura ya 6 ya Biblia yangu kuukuu, na alikariri bila kukosea hata neno. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu muhula uanze. Kumbe sikuwa nimekisoma vizuri nilichokuwa nikikifundisha. Alipofika penye "utusamehe deni zetu", binti yangu alinyamaza, akafikiri, kisha akaongeza kwa huruma ya dhati: "hasa zile za baba kwa Mangi."

Nilikwenda dukani mwenyewe kabla sijaitwa, nikiwa nimejipanga kama wakili. Nilimwambia Mangi kwamba yeye ni mkristo mwenzangu, kwamba aya hiyohiyo inaendelea "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", na kwamba darasa zima pamoja na binti yake walikwishaitikia "Amina". Mangi alinisikiliza mpaka mwisho huku akipima sukari ya mteja mwingine, akafunga mfuko, akafuta mikono.

"Kanisani kwetu," alisema, "tunasali 'utusamehe makosa yetu'. Makosa nimekusamehe." Kisha akavuta daftari.